Je, Depeche Mode wa "Speak & Spell" ndio hao hao wa "Violator"?

Swali la msomaji: Nilikutana na wimbo "Enjoy the Silence" wa bendi ya Uingereza iitwayo Depeche Mode, nikaupenda kwa uzito na huzuni yake. Nikaona ni vyema nianzie mwanzo, nikaitafuta albamu yao ya kwanza, "Speak & Spell", nikakuta nyimbo nyepesi za kurukaruka ambazo hazifanani kabisa na ule wimbo. Je, ni bendi ile ile? Kama ndiyo, kulitokea nini hapo katikati? Na anayetaka kuwafahamu asikilize albamu zipi, kwa mpangilio gani?

Jibu: Ndugu msomaji, masikio hayakukudanganya. Jina la bendi ni lile lile, mwimbaji ni yule yule Dave Gahan, na wapiga vinanda Martin Gore na Andy Fletcher wamo katika albamu hiyo ya kwanza na pia katika "Violator", albamu yenye wimbo ulioupenda. Lakini kati ya nyimbo 11 za "Speak & Spell", iliyotoka Oktoba 1981, tisa zilitungwa na kijana aitwaye Vince Clarke, ambaye kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa ameshaiacha bendi; na Alan Wilder, ambaye mchango wake ndio uliougeuza "Enjoy the Silence" ukawa hivyo ulivyousikia, alikuwa bado hajajiunga nao. Kwa hiyo ningekushauri usiifuate historia ya Depeche Mode kwa miaka peke yake. Uliza kila mara ni nani anatunga na ni nani anajenga sauti, maana katika bendi hii kazi hizo mbili zilikaa mikononi mwa watu tofauti, na kila mmoja wao alipoingia au kuondoka, albamu iliyofuata ilibeba alama yake.

Wanne wa mwanzo walikulia Basildon, katika jimbo la Essex, mashariki ya London. Huo ni mmoja wa miji mipya iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili kupunguza msongamano wa London, mji wa nyumba zinazofanana na viwanda. Clarke na Fletcher walifahamiana tangu utotoni katika shughuli za vijana wa kanisa, na baada ya kumaliza shule Gore akawa karani wa benki na Fletcher akafanya kazi katika kampuni ya bima. Gahan walimpata mwaka 1980 baada ya kumsikia akiimba wimbo wa David Bowie kwenye mazoezi ya watu wengine, na ni yeye aliyeleta jina la bendi, alilolitoa katika gazeti la mitindo la Kifaransa. Wakati huo sinthesaiza ndogo, yaani vinanda vya umeme vinavyounda sauti, zilikuwa zimeshuka bei kiasi cha kijana mwenye mshahara mdogo kuweza kununua moja, na zilikuwa na faida ambayo wasomi wa muziki huisahau: zilibebeka. Vijana hao waliweza kutoka kazini, kupanda treni na vinanda vyao, kuvichomeka moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi na kupiga, bila gari la kubebea ngoma na vipaza sauti vikubwa.

Mtu wa nje aliyekuwa na uzito mkubwa kuliko wote katika maisha yao ni Daniel Miller, mwenye lebo ndogo (kampuni ya kutoa santuri) ya Mute, ambaye mwaka 1978 alikuwa ametoa santuri yake mwenyewe ya sinthesaiza kwa jina la The Normal. Aliwaona wakipiga Canning Town, mashariki ya London, mwishoni mwa 1980, wakapeana mikono kwamba faida itagawanywa nusu kwa nusu, na kwa miaka mingi hapakuwa na mkataba wa maandishi kati yao. Nakutajia jambo hili la kibiashara kwa sababu linaeleza mengi. Lebo kubwa ingeweza kuwalazimisha warudie wimbo uliouza, ilhali Miller, aliyekuwa pia prodyuza wao, yaani msimamizi wa kurekodi, alipenda sauti mpya kuliko walivyozipenda wao.

"Speak & Spell" ilirekodiwa Blackwing, studio iliyokuwa ndani ya jengo la kanisa la zamani kusini mwa London. Sinthesaiza nyingi walizozitumia, pamoja na ARP 2600 ya Miller, ziliweza kutoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Mtu asiyeweza kupiga noti tatu kwa pamoja hulazimika kusuka wimbo kwa nyuzi nyembamba zinazopishana, huku moja ikishika besi, nyingine ikijibu, na nyingine ikirukaruka juu yao. Ndiyo maana ukasikia wepesi ule. Clarke alikuwa fundi wa aina hiyo ya ususi, na "Just Can't Get Enough", uliofika nafasi ya 8 katika chati ya Uingereza, ni ushahidi tosha. Nyimbo za Gore katika albamu hiyo ni mbili tu, na moja kati yake haina hata maneno. Sauti ile haikufa baada ya hapo, ila ilihama nyumba. Clarke aliunda Yazoo pamoja na Alison Moyet, binti wa Basildon pia, wakafika nafasi ya 2 kwa "Only You" mwaka 1982, na tangu 1985 yumo katika Erasure pamoja na Andy Bell. Kwa hiyo ukiulizwa muendelezo halisi wa "Speak & Spell" ni upi, jibu ni albamu ya kwanza ya Yazoo, "Upstairs at Eric's", na wala si albamu ya pili ya Depeche Mode.

Albamu hiyo ya pili, "A Broken Frame" ya 1982, ni kazi ya watu watatu waliobaki bila mtunzi wao, na Gore akabebeshwa mzigo akiwa na umri wa miaka 21. Alilazimika kufungua daftari la zamani. "See You", uliofika nafasi ya 6 na kuipita singo (wimbo unaouzwa peke yake) yoyote ya Clarke katika bendi hiyo, aliutunga alipokuwa bado kijana mdogo. Kwa maoni yangu ni albamu dhaifu kuliko zote za miaka kumi ile, kwa kuwa nusu yake inamwiga Clarke bila furaha ya Clarke, lakini "Leave in Silence" unaoifungua tayari una kivuli ambacho wewe ulikipenda. Picha ya jalada lake, ya mwanamke akivuna ngano kwa mundu, iliyopigwa na Brian Griffin, imedumu katika kumbukumbu za watu kuliko nyimbo nyingi zilizomo.

Wilder aliingia kwa kujibu tangazo katika gazeti la muziki la Melody Maker lililotaka mtu asiyezidi miaka 21. Yeye alikuwa na 22, akadanganya. Alikuwa amefundishwa piano ya kiklasiki tangu utotoni, kwa hiyo alikuwa mwanamuziki aliyesomea katika kundi la watu waliojifunza kwa kubahatisha, na mwanzoni walimchukua kwa ajili ya jukwaani tu. Alipokubaliwa kuwa mwanachama kamili akaanza hata kuleta nyimbo zake, lakini haukupita muda akaacha kutunga na kubaki na kile alichokiweza kuliko wenzake, yaani kukaa studio saa nyingi akipanga sauti moja baada ya nyingine. Mgawanyo wa kazi uliozaa muziki unaoupenda ulianzia hapo. Gore alileta shairi na lahani, Wilder akajenga nyumba ya kuvihifadhi, Gahan akaviimba, na Fletcher akashughulikia hesabu na kuzuia wenzake wasigombane. Fletcher mwenyewe alikiri mbele ya kamera mwaka 1988, kwa utani, kwamba kila mwenzake ana kazi na yeye anazurura tu. Watu waliichukua kauli hiyo kama ilivyo, na nadhani hawakumtendea haki.

"Construction Time Again" ya 1983 inastahili kusikilizwa kwa makini, ukiwa umevaa vipokea sauti. Mashine za kuhifadhi sauti, Emulator na Synclavier, zilikuwa zimeanza kupatikana. Mashine hizi hunasa mlio wowote, kisha zikakuruhusu kuupiga kwenye kinanda kama noti, juu au chini upendavyo. Bendi ilikuwa inarekodi Shoreditch, mtaa wa London ambao wakati huo ulijaa majengo chakavu na sehemu za ujenzi, na Gore alikuwa amevutiwa na Wajerumani wa Einstürzende Neubauten waliopiga vyuma na mashine jukwaani. Basi wakatoka nje na nyundo na kinasa sauti, wakagonga kuta, mabati na nyuzio, wakarudi studio na mfuko wa milio. Neubauten waliitumia milio hiyo kama fujo, ila Depeche Mode waliipanga iimbe lahani, na huo ndio ugunduzi wao. Sikiliza "Pipeline", ambao karibu wote umeundwa kwa milio iliyookotwa, halafu rudi kwenye "Everything Counts", ambao unasimulia ulafi wa biashara kwa beti zinazoimbwa na Gahan kwa ukali, na kibwagizo kinachoimbwa na Gore kwa upole kana kwamba anamsikitikia mtu.

Kwa kuchanganya sauti za albamu hiyo walikwenda Hansa, Berlin Magharibi, studio iliyokuwa jirani na Ukuta wenyewe uliougawa mji huo. Fundi mitambo wao, Gareth Jones, alikuwa na ufundi ambao ninauona kuwa siri ya miaka yao ya katikati: aliitoa sauti ya sinthesaiza kupitia spika kubwa ndani ya ukumbi, akarekodi upya kwa maikrofoni jinsi ukumbi ulivyoijibu. Kwa njia hiyo mlio uliozaliwa ndani ya waya ulipata hewa, ukubwa na mwangwi wa mahali halisi. Linganisha na Blackwing miaka miwili tu nyuma, utasikia tofauti kati ya mtu anayezungumza sikioni mwako na mtu anayezungumza ndani ya hekalu. Mwaka uliofuata "Some Great Reward" ikaendeleza njia hiyo, na singo yake "People Are People" ikashika nafasi ya 1 Ujerumani Magharibi na kuwafungulia mlango wa Marekani, ambako ilifika nafasi ya 13. Ni wimbo uliowaletea fedha na jina, nami huuruka.

Sasa nifike kwenye "Black Celebration" ya Machi 1986, ambayo naamini ndiyo jibu la swali lako la "kulitokea nini hapo katikati". Haina singo kubwa. Nyimbo zinashikana bila pumzi, mada ni kuchoka, kufariji na kufarijiwa, na Gore anaimba nyingi kuliko kawaida. Katika "Stripped" utasikia mngurumo mzito unaojirudia kama moyo wa mnyama mkubwa. Ni injini ya pikipiki iliyonaswa ikiwa imesimama, kisha ikapunguzwa kasi. Mlio wa kuwasha gari unaousikia mwanzoni ni wa gari la Gahan mwenyewe. Hakuna ngoma ya kawaida ambayo ingefanya kazi hiyo, kwa sababu mdundo wa injini hauko sawasawa kabisa, na kutokuwa sawasawa huko ndiko kunakoufanya uishi. Waingereza hawakuielewa albamu hii vizuri, lakini vijana wa Marekani, Ujerumani na Ulaya Mashariki waliishika kama kitu chao.

Kwamba waliishika kweli kulionekana baada ya "Music for the Masses" ya 1987, jina walilolichagua kwa kejeli, wakijua muziki wao haukuwa wa umma. Kejeli ikawageukia. Tarehe 7 Machi 1988 walipiga Berlin Mashariki, katika tamasha lililoandaliwa na umoja wa vijana wa chama tawala, na tarehe 18 Juni mwaka huo huo wakafunga ziara yao ya maonyesho 101 katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, mbele ya watu zaidi ya 60,000, bila mpiga ngoma jukwaani. D. A. Pennebaker alirekodi filamu ya ziara hiyo, na albamu iliyorekodiwa jukwaani humo inaitwa "101". Mwisho wake bendi inanyamaza katika "Everything Counts", na umati unaendelea kuimba kibwagizo peke yake, sauti elfu kadhaa zikiimba juu ya mikono inayonyakua kila kitu, katika jimbo tajiri la California. Ningemshauri yeyote anayedhani muziki wa mashine hauna joto aisikilize dakika hiyo.

Ndipo ikaja "Violator", Machi 1990. Prodyuza alikuwa Flood, na kazi ilifanyika Milano na kisha studio ya Puk nchini Denmark. Kabla ya kuanza walifanya uamuzi mmoja ambao matokeo yake unayasikia. Zamani Gore alikuwa akileta rekodi za nyumbani zilizokamilika karibu kila kitu, na studio ikawa mahali pa kunakili. Safari hii aliombwa alete gitaa au kinanda na sauti yake tu, mengine yaachwe wazi. "Enjoy the Silence" ulifika ukiwa wimbo wa polepole, sauti ya Gore juu ya harimoniamu (kinanda kinacholia kwa kusukumiwa hewa), karibu na wimbo wa kanisani. Wilder akausikia ukiwa na mdundo wa kuchezeka. Gore hakuafiki, kwa kuwa aliona wimbo unaosifu ukimya hauwezi kwenda mbio. Wilder na Flood wakabaki wenyewe, wakajenga mdundo, besi na kwaya ile ya mbali, kisha wakamwita Gore aongeze gitaa, naye akapiga kile kipande kifupi ambacho leo watu huutambua wimbo kwacho kabla Gahan hajafungua kinywa. Ukiusikiliza tena ukijua hayo, utagundua kwamba huzuni unayoipenda inatoka katika mvutano huo: lahani bado ni ya wimbo wa polepole, na bado inataka kusimama, wakati mdundo unaikokota mbele. Ulifika nafasi ya 6 Uingereza na ya 8 Marekani, na mwaka 1991 ukapata tuzo ya Brit ya singo bora ya Uingereza.

Katika albamu hiyo hiyo "Personal Jesus" unasimama juu ya gitaa la mtindo wa bluuzi na kishindo cha watu kurukia makasha ya kusafirishia vyombo. Hapo bendi ya sinthesaiza ilikuwa imeshavunja mpaka wake, ikachukua kitu cha kale na kukitendea kama mlio mwingine wowote ulionaswa, kiasi kwamba Johnny Cash, mwimbaji wa Marekani, alipouimba mwaka 2002 hakuwa na la kubadilisha ila kuondoa mitambo.

Yaliyofuata nitayaeleza kwa kifupi. "Songs of Faith and Devotion" ya 1993 ilishika nafasi ya 1 Uingereza na Marekani, Wilder akipiga ngoma halisi na Gahan akiimba kama mtu anayekabwa, na ni albamu kubwa kweli. Lakini ziara yake ilidumu zaidi ya mwaka mmoja na karibu iwamalize. Fletcher aliondoka ziarani kabla haijaisha kwa sababu ya afya ya akili. Wilder aliondoka kabisa Juni 1995, akieleza waziwazi kwamba hakuridhika na mahusiano ya ndani wala na jinsi kazi ilivyogawanywa. Gahan, aliyekuwa amezama katika heroini, alizidisha dozi Los Angeles mwezi Mei 1996, na moyo wake ulisimama kwa dakika mbili kabla ya kuokolewa. Kwamba "Ultra" ilitoka Aprili 1997 na kushika nafasi ya 1 Uingereza ni jambo la kushangaza, na kwamba ni nzuri inashangaza zaidi. Hata hivyo, tangu hapo kiti cha Wilder kimekuwa kikikaliwa na prodyuza wa kukodiwa, Tim Simenon kwanza, kisha Mark Bell, Ben Hillier na James Ford. Albamu hizo zina nyimbo nzuri, ila ni chache kati yake ambazo sauti yenyewe inasimulia hadithi. "Playing the Angel" ya 2005, ambayo Gahan alianza kuandikia bendi nyimbo, ndiyo iliyokaza zaidi.

Fletcher alifariki Mei 2022 akiwa na umri wa miaka 60. Gore na Gahan waliendelea wakiwa wawili na kutoa "Memento Mori" Machi 2023. Nyimbo nyingi, na hata mada ya kifo, vilikuwapo kabla ya msiba, jambo linalofaa kukumbukwa kwa kuwa wengi huisikiliza kama albamu ya maombolezo ya rafiki. "Ghosts Again", mmoja wa nyimbo nne ambazo Gore aliandika pamoja na Richard Butler wa bendi ya Psychedelic Furs, una ule wepesi wa nyuzi zinazopishana ambao ulikukera katika albamu ya kwanza. Huenda safari hii usikukere.

Kuhusu mpangilio, kwa kuwa umeingilia mlango wa "Enjoy the Silence", sikiliza "Violator" yote kwanza, tena kwa mfululizo, maana ina nyimbo 9 tu na vipande vifupi visivyotajwa jaladani ambavyo huunganisha baadhi yake. Kisha rudi nyuma kwenye "Black Celebration", halafu "Construction Time Again", ili usikie sauti ile ikijengwa kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Baada ya hapo "101" itakupa muhtasari wa miaka ya themanini bila kukulazimisha kununua kila albamu. Endelea na "Songs of Faith and Devotion" na "Ultra" moja baada ya nyingine, kwa sababu ya pili haieleweki bila ya kwanza. "Memento Mori" iache ya mwisho. "Exciter" ya 2001 na "Sounds of the Universe" ya 2009 zinaweza kusubiri hadi utakapokuwa shabiki asiyeweza kujizuia. Na "Speak & Spell" usiitupe; itafute pamoja na "Upstairs at Eric's", uzisikilize siku moja, ukianzia na "Photographic", wimbo wa Clarke wenye baridi kuliko wote aliowaachia.